Nani hasa alimtungua Admirali Yamamoto: Lanphier au Barber?

#1 Mchambuzi wa Ilala
Habari za jioni wakuu.

Kuna kesi ya vita ya pili ya dunia inanikera kila nikiisoma. Tarehe 18 Aprili 1943, Jumapili ya Matawi, marubani wa Marekani walitoka Guadalcanal wakaenda kumvizia Admirali Isoroku Yamamoto, yule aliyepanga shambulio la Pearl Harbor. Wakamtungua juu ya kisiwa cha Bougainville. Mpaka hapo hakuna mbishi. Ubishi ni risasi za nani zilimshusha.

Kapteni Thomas Lanphier alitua akasema ni za kwake. Luteni Rex Barber, ambaye ndege zao zilikuwa sambamba siku ile, akasema hapana. Wamevutana mpaka wanazikwa, Lanphier 1987 na Barber 2001. Jeshi la Anga la Marekani likaamua kuwapa nusu kwa nusu.

Mimi nasema Barber alidhulumiwa. Pingeni, ila mje na hoja.

#2 Napita Tu
Nimeshaweka kiti. Wajuzi njooni.

#3 Ngosha wa Misungwi
Mkuu ungetuwekea mkasa wenyewe kwanza. Sisi wengine vita ya Mjapani tunaijua kwa Hiroshima tu.

#4 Mchambuzi wa Ilala
Haya Ngosha, kwa ufupi.

Wamarekani walikuwa wanasoma ujumbe wa siri wa jeshi la majini la Japani. Katikati ya Aprili wakanasa ratiba ya safari ya Yamamoto kwenda kukagua vikosi vyake: anaondoka Rabaul, ngome ya Wajapani, saa 12 asubuhi, anatua Ballale, kisiwa kidogo chenye uwanja wa ndege karibu na Bougainville, saa 2, amepanda ndege ya mabomu, anasindikizwa na ndege 6 za kivita. Na huyu bwana alikuwa anasifika kwa kutunza muda. Kwa adui mwenye ratiba yako mkononi, hiyo sifa ni msiba.

Kazi wakapewa marubani wa kikosi cha 339, kiongozi Meja John Mitchell. Ndege pekee iliyoweza kufika na kurudi ilikuwa P-38 Lightning, ile yenye injini mbili na mikia miwili, tena kwa kufungiwa matangi makubwa ya ziada. Zilipangwa 18. Moja ikapasuka tairi ikiwa mbioni kuruka, nyingine matangi ya ziada yakagoma kutoa mafuta, zikabaki 16. Kati ya hizo, 4 ndizo za kuua: Lanphier, Barber, Besby Holmes na Raymond Hine. 12 zilizobaki zikae juu kuzisubiri Zero, ndege za kivita za Kijapani, za uwanja wa Kahili.

Wakaenda wakigusa maji, futi 50 hivi, redio kimya, zaidi ya maili 400 kwa kuvizunguka visiwa ili wasionekane. Mitchell hana mlima wala mnara wa kumwongoza. Ana dira, saa na mwendo wa ndege, basi. Kafika saa 3:34 asubuhi, dakika moja kabla ya muda aliopanga, na Wajapani hao wanaingia mbele yake. Kasoro moja tu: ndege za mabomu zilikuwa mbili, siyo moja kama walivyotarajia.

#5 Msukule wa Mtandao
Ratiba ya Mjapani inasema anatua saa 2, wewe unasema walikutana saa 3:34. Sasa huyu mtunza muda alikuwa anatembea kwa miguu?

#6 Fundi Injini
Msukule, Wajapani walikuwa wanatumia saa za Tokyo kila walikokwenda. Guadalcanal iko mbele kwa saa 2. Saa 2 ya Yamamoto ni saa 4 ya Mitchell. Alimtegea njiani, kabla hajafika uwanjani.

#7 Mbishi Mkuu
Mleta uzi umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja.

Zile nne zilipoanza kupanda, Zero ziliwaona zikashuka kuja kuwakata. Lanphier akageuza kushoto, akapanda kuzikabili uso kwa uso. Zero ni 6! Asingefanya vile Barber angepigwa mgongoni kabla hata hajaisogelea ndege ya mabomu. Huo ugeuzaji hata wapinzani wake wanaukubali.

Kisha Lanphier akapinduka, akaangalia chini, akaiona Betty moja (Wamarekani waliziita hivyo zile ndege za mabomu za Kijapani) inakimbia juu ya miti. Akaipiga kutoka ubavu wa kulia, injini ikawaka, bawa likang'oka, ikazama msituni. Hayo aliyasema siku ile ile, siyo baada ya kusoma vitabu. Sasa mnataka nini tena?

#8 Binti wa Pangani
> Hayo aliyasema siku ile ile

Kusema mapema siyo kusema kweli, ni kuwa na mdomo. Jamaa alianza kujitangaza redioni kabla magurudumu hayajagusa ardhi, kwamba Yamamoto nimemmaliza mimi. Redio ya wazi, Mjapani anasikiliza, na siri kubwa ya vita nzima ilikuwa ni kwamba ujumbe wao unasomwa. Mitchell alichukia mno. Halafu ujiulize: Lanphier alijuaje kwamba yake ndiyo iliyombeba Yamamoto, wakati zilikuwa mbili na zinafanana?

#9 Mbishi Mkuu
Dada, hakuna aliyejua pale angani. Lakini ile iliyoanguka msituni ndiyo ilikuwa na Yamamoto, na Lanphier alisema yake iliangukia msituni. Bahati pia ni sehemu ya vita.

#10 Fundi Injini
Naona watu wanabishana bila kumsikiliza Barber. Maelezo yake ni haya.

Lanphier alipokata kushoto, Barber alikata kulia kuzifuata Betty. Kwenye kulaza bawa zikampotea machoni kidogo, alipoinuka akajikuta nyuma ya moja, karibu kabisa. Akaanza na injini ya kulia, akahamia mwilini na mkiani, vipande vikaanza kuchomoka. Betty ikapungua mwendo ghafla na kulala kushoto mbele yake, almanusura aigonge. Alipogeuka kuangalia, Zero zilishamvaa. Baadaye akaona moshi ukitoka msituni.

Hapo kuna jambo la kiufundi watu wanalipita. P-38 ina rashasha nne na mzinga mmoja wa milimita 20, vyote vimepangwa puani. Hazimo mabawani, kwa hiyo risasi hazina mahali pa kukutania, zinakwenda zimenyooka pamoja kama zilivyotoka. Ukiwa nyuma ya mtu, karibu, huna haja ya hesabu. Betty nayo matangi yake ya mafuta hayakuwa na kinga ya maana, ikiguswa inawaka. Sasa linganisha na Lanphier: anatoka juu, ana kasi, anapiga kitu kinachopita mbele yake kwa pembe ya karibu digrii 90. Inawezekana, ila ni shabaha ngumu mno.

Na ndege ya Barber ilirudi na matundu 104. Ya kuazima ile, jina lake Miss Virginia. Mwenyewe sijui alipokelewaje na mwenye ndege 😂

#11 Ngosha wa Misungwi
104 na imerudi! Injini mbili zina raha yake.

#12 Kijana wa Makongo
Na hao wengine wawili, Holmes na Hine, walikuwa wapi? Mbona hawatajwi?

#13 Mchambuzi wa Ilala
Holmes tangi lake la ziada liligoma kudondoka. Huwezi kupigana na tangi limening'inia, akageukia baharini akiitikisa ndege ili limtoke. Hine, kwa kuwa alikuwa mlinzi wake, akamfuata. Ndiyo maana dakika za mwanzo walibaki Lanphier na Barber peke yao. Baadaye tangi likatoka, Holmes akarudi, akaishambulia Betty ya pili karibu na pwani, na Barber akaja akaipiga pia. Ile ikaangukia baharini. Ndiyo iliyombeba Admirali Ugaki, mnadhimu wa Yamamoto. Ugaki alipona, pamoja na rubani wake na ofisa mmoja mwingine. Wa ndege ya Yamamoto walikufa wote 11.

Hine hakurudi. Ndiye Mmarekani pekee aliyepotea siku ile.

Sasa sikilizeni uchawi wenyewe. Waliporudi walihesabiwa Betty TATU: moja ya Lanphier, moja ya Barber, moja ya Holmes. Kila mtu akalala na yake, hakuna ugomvi. Vita vilipokwisha, kumbukumbu za Wajapani zikafunguliwa: zilikuwa mbili tu.

#14 Msukule wa Mtandao
Walishinda magoli matatu kwenye mechi iliyofungwa mawili. Huyo mwandishi wa ripoti angefaa kuwa msemaji wa klabu moja ya Kariakoo, siitaji jezi.

#15 Napita Tu
Msukule usilete vita nyingine humu.

#16 Mwanahawa wa Kibokoni
Asalaam alaykum. Mie Mombasa, nasoma kimya kimya lakini hapa ntasema neno.

Mnazungumza ujumbe wa siri wa Wajapani mkadhani ni mambo ya huko Pasifiki peke yake. Mwaka 1942, Wajapani walipoipiga Colombo, Waingereza waliihamishia Kilindini meli zao na wavunja siri wao. Wakawaweka skuli ya Allidina Visram, hapa hapa mjini. Walikaa hadi 1943 wakisikiliza redio za jeshi la majini la Japani. Watu wanapita pale kila siku hawajui. Na Aprili 1943 walikuwa bado wapo. Kwa hivyo hiyo sifa ya Yamamoto, na Mombasa ina fungu lake.

#17 Mchambuzi wa Ilala
Waalaykum salaam Bi Mwanahawa. Allidina Visram ni kweli tupu, na waliitenda kazi kubwa, hasa siri za meli za mizigo za Wajapani. Ila ule ujumbe wa safari ya Yamamoto ulifunguliwa na vituo vya Wamarekani wenyewe, Hawaii ikiwa mbele. Anayetajwa sana ni Meja Alva Lasswell. Fungu la Mombasa kwenye ujumbe ule halipo.

#18 Mwanahawa wa Kibokoni
Ahsante kwa sahihisho, lakini walikuwa wakipeana funguo za siri hao, Waingereza na Wamarekani. Hujui kipi kilitoka wapi. Sikuachii lote mwanangu.

#19 Daktari wa Kijiweni
Nawasalimu. Mimi nakuja na maiti.

Kikosi cha jeshi la nchi kavu la Japani kiliipata ndege kesho yake. Wengi walikuwa wameungua. Yamamoto alikuwa amerushwa nje pamoja na kiti chake, bado amefungwa mkanda, ameketi chini ya mti, glavu nyeupe mkononi, ameshika upanga. Walimtambua upesi: mkono wa kushoto ulikuwa na vidole pungufu, viwili alivipoteza kwenye vita vya Tsushima 1905 dhidi ya Warusi.

Uchunguzi ulionyesha majeraha mawili ya risasi. Moja begani kushoto kwa nyuma. La pili liliingia taya la kushoto kwa chini likatokea juu ya jicho la kulia. Angalieni: KUSHOTO, NYUMA. Mbishi Mkuu, mtu wako anasema alipiga kutoka kulia. Nieleze risasi ya kulia inaingiaje taya la kushoto.

#20 Mbishi Mkuu
Daktari, unajua Yamamoto alikuwa anaangalia wapi? Ndege yako inashambuliwa, unageuka geuka. Akigeuza kichwa kuangalia dirisha la kulia, mgongo na shavu la kushoto vinabadilika mahali. Isitoshe, risasi ya rashasha ya P-38 ikikupiga kichwani moja kwa moja huwezi kubaki na uso wa kutambulika. Maana yake kilichompiga ni kipande kilichogonga chuma kwanza. Kipande kinatoka upande wowote kinaotaka.

#21 Daktari wa Kijiweni
Hapo kwenye kipande nakuunga mkono. Kichwa sikuungi.

#22 Mwanakijiji Halisi
Mimi nilisikia kwamba hakufa pale pale. Ameketi, ameshika upanga, uso haujaharibika. Hao Wajapani walichelewa kumfikia tu, na ripoti ya majeraha ikatengenezwa ili ionekane amekufa vitani papo hapo, kifo cha heshima. Kwa hiyo hata mkibishana Lanphier na Barber, aliyemuua ni msitu.

#23 Daktari wa Kijiweni
Ukichukua jeraha la taya kama lilivyoandikwa, huyo hakukaa dakika. Ukisema ripoti ni ya uongo, basi huna ushahidi wa chochote, hata wa kupona kwake.

#24 Mwanakijiji Halisi
Na wewe huna. Tuko sare.

#25 Fundi Injini
Tuache maiti, twende kwenye mabaki. Ile Betty bado iko msituni karibu na Buin, watu wanalipa kiingilio kwenda kuiona. Walioikagua walikuta matundu yanayoonekana yameingia kutokea nyuma. Ubavuni kulia hakuna cha kumsaidia Lanphier.

Pia kuna shahidi hai. Kenji Yanagiya, rubani wa Zero. Kati ya marubani 6 wa kusindikiza ni yeye pekee aliyeona mwisho wa vita, tena akiwa amepoteza mkono wa kulia kwenye mapigano mengine. Alisema ndege ya Yamamoto ilipigwa kutoka nyuma na ikaanguka baada ya sekunde 20 au 30 hivi. Akaongeza kwamba siku ile hakuna Zero iliyotunguliwa. Lanphier alidai Zero moja.

#26 Mbishi Mkuu
Yanagiya alihojiwa miongo mitatu baadaye, na muulizaji tayari ana jibu analolitaka. Na mabaki yaliyokaa msituni tangu 1943, yamekatwa vipande na wawinda kumbukumbu, bado ni ushahidi? Barber mwenyewe hakuiona ikigonga ardhi, aliona moshi. Anayesema aliona bawa liking'oka ni mmoja tu, Lanphier.

#27 Binti wa Pangani
Anayesema aliona ni mmoja tu kwa sababu alikuwa anajisemea mwenyewe.

Mimi nitatoa kisa changu. Niliwahi kufanya kazi kampuni fulani, siitaji. Pampu ya maji iliharibika usiku wa mwaka mpya, mimi na kijana mmoja wa umeme tukalala nayo chini mpaka alfajiri, mikono imejaa grisi. Ripoti akaandika msimamizi aliyekuja saa 4 amevaa suti. Kwenye ripoti: "Nilihakikisha pampu inarudi." NILIHAKIKISHA. Mpaka leo ukifungua faili la kampuni ile, shujaa ni yeye.

Guadalcanal ilikuwa vile vile. Barber alilalamika maisha yake yote kwamba hakuna aliyewakalisha rubani mmoja mmoja na kumhoji ipasavyo. Walitua, wakashangilia, mwenye sauti kubwa ndiye aliyeandikwa. Baada ya hapo kila mwanahistoria ananakili karatasi ile ile.

#28 Kijana wa Makongo
Dada pole sana. Pampu ilirudi lakini? 😂

#29 Binti wa Pangani
Ilirudi. Na yeye akapandishwa cheo.

#30 Wakili Msomi (Siyo Yule)
Naomba nieleze upande wa kesi, maana mleta uzi ameupitia juu juu.

Mara baada ya vita sifa yote ilikuwa ya Lanphier. Miaka ya 1970 Jeshi la Anga likapitia upya orodha ya ndege zilizotunguliwa, likaigawa: nusu Lanphier, nusu Barber. Lanphier akaona ameporwa. Barber naye hakuridhika, alitaka nzima. 1985 bodi ikakaa, ikaacha nusu nusu. Bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi nayo ikagawanyika katikati, suala likapanda hadi kwa waziri wa Jeshi la Anga, Donald Rice, akaacha nusu nusu akisema utukufu unatosha timu nzima. Barber akaenda mahakamani. 1996 mahakama ya rufaa ikakataa kuugusa uamuzi wa waziri.

Zingatieni hili: mahakama HAIKUSEMA nani alitungua. Ilichoangalia ni kama waziri alitumia mamlaka yake kihalali. Wapo wanaosoma hukumu ile kama ushindi wa Lanphier, siyo hivyo. Na mwaka 1997 chama cha marubani mashujaa wa Marekani, ambacho si serikali, kikampa Barber asilimia 100. Kwa hiyo mpaka leo kuna majibu mawili rasmi kutegemea mlango unaogonga.

#31 Mchambuzi wa Ilala
Asante wakili. Hiyo ya mahakama ilikuwa inanichanganya.

#32 Mbishi Mkuu
Sasa mkishamaliza kumchora Lanphier kama jambazi, mjue na haya. Mdogo wake, Charles, alikuwa rubani pia. Alitekwa na Wajapani akafia kifungoni Rabaul 1944. Rabaul ile ile aliyotokea Yamamoto. Mtu aliyepoteza ndugu namna hiyo akishikilia kwamba aliyempiga admirali wao ni yeye, mimi namwelewa.

Na msisahau New Zealand. Wakiwa likizo, Lanphier na Barber WOTE WAWILI wakicheza gofu, mwandishi wa habari akawaendea na maswali, wakaongea. Stori ilipofika kwa Admirali Halsey, mkuu wao wa Pasifiki ya Kusini, aliwaka. Walikuwa wamependekezwa kupata Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa. Ikashushwa wakapewa Navy Cross. Barber alikuwepo uwanjani pale na kijiti chake. Siyo malaika.

#33 Binti wa Pangani
Kumwelewa namwelewa. Risasi ni risasi.

Hilo la New Zealand tunakubaliana. Japani yenyewe ilitangaza kifo tarehe 21 Mei, zaidi ya mwezi. Hadi hapo Marekani ilitakiwa kujifanya haijui lolote, na vijana wanapiga soga na waandishi.

#34 Ngosha wa Misungwi
Mimi mtu wangu ni Mitchell. Hao wawili wanagombania sekunde 30 za mwisho. Nani aliwafikisha? Saa mbili juu ya maji matupu, jua kali, kioo cha P-38 hakifunguki, joto la kufa mtu, na ukikosea digrii moja au mbili unarudi mikono mitupu. Mngempa yeye, hao wawili wangepatana.

#35 Fundi Injini
Nakazia. Mitchell alitaka hata dira ya meli, ya jeshi la majini, akafungiwa kwenye ndege yake kwa sababu haziamini za kwenye P-38. Lakini Ngosha, ukianza hivyo utampa Lasswell wa Hawaii, halafu fundi aliyefunga matangi usiku, halafu mwisho utampa Yamamoto mwenyewe kwa kutunza muda.

#36 Ngosha wa Misungwi
Fundi aliyefunga matangi apewe kabisa! Ninyi mafundi huwa mnasahauliwa, halafu mnajisahau na wenyewe.

#37 Mzee Kilombero
Vijana hamjambo. Nimesoma wote.

Kwetu vita ya Mjapani haikuwa ya Hiroshima, kama alivyosema kijana hapo juu. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, akaenda Burma 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, tope mpaka magotini. Alipandia meli Mombasa. Februari mwaka huo, katika msafara wa meli kutoka Mombasa kwenda Colombo, manowari ya Kijapani iliizamisha Khedive Ismail. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa meli nyingine ya msafara ule. Alikuwa akisimulia kila kitu cha Burma ila hiyo meli, akifika hapo anaomba maji.

Kwa hiyo Yamamoto alikwisha kufa, lakini jeshi lake la majini lilikuwa bado lina meno, na waliouawa walikuwa watu wetu. Nani anabishania majina yao?

#38 Mwanahawa wa Kibokoni
Mzee shikamoo. Hiyo Khedive Ismail na hapa Mombasa wenyewe hawaijui. Mola awarehemu.

#39 Mchambuzi wa Ilala
Shikamoo mzee. Naomba ufungue uzi wa babu yako, nitakuwa wa kwanza kukomenti. Nilikuwa sijui kwamba msafara ule ulitoka Mombasa.

#40 Mzee Kilombero
Marahaba. Nitaandika, macho tu yananisumbua na hii simu.

#41 Msukule wa Mtandao
Na sisi si tulikuwa na kesi ya angani, 1979? Ndege ya Libya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza ikakosa mji mzima, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane. Nani apewe sifa ya kuua swala?

#42 Ngosha wa Misungwi
Usicheze na Saanane, ni hifadhi yetu. Wale swala ni mashahidi wa Kagera.

#43 Kijana wa Makongo
Wakuu, na ile ya Baron Mwekundu, rubani wa Ujerumani wa vita ya kwanza ya dunia? Richthofen, 21 Aprili 1918. Sifa alipewa rubani wa Kanada, Roy Brown, lakini nimesoma kwamba aliyempiga ni Mwaustralia aliyekuwa ardhini na rashasha.

#44 Fundi Injini
Sajini Cedric Popkin ndiye anayepewa nafasi kubwa siku hizi. Risasi moja tu, imeingia karibu na kwapa la kulia ikatokea kifuani karibu na chuchu ya kushoto. Brown alikuwa nyuma, na alikuwa ameshaachana naye. Mtu mwenye risasi ile asingeendelea kuruka muda wote ule.

#45 Mbishi Mkuu
Fundi, risasi ilikuwa ya kipenyo cha .303. Brown alikuwa anatumia .303. Popkin .303. Na kulikuwa na Waaustralia wengine chini, akina Buie na Evans, nao .303. Umeipataje ya Popkin?

#46 Fundi Injini
Kwa pembe mkuu, siyo kwa kipenyo. Popkin alipiga mara mbili, mara ya pili ndege ilikuwa inageuka na ubavu wa kulia ukiwa upande wake.

#47 Mbishi Mkuu
Kwa hiyo pembe ya ubavu wa kulia kwa Popkin ni ushahidi, ila kwa Lanphier ni uongo?

#48 Mchambuzi wa Ilala
Jamani, Baron mfungulieni uzi wake.

#49 Binti wa Pangani
Waache, Mbishi leo amembana Fundi. Fundi jibu.

#50 Fundi Injini
Nachaji simu, narudi. Na nitakuja na mchoro.